Maelezo ya Aol

Aol ni jirani yangu hapa mtaani Mbuya, mwalimu wa fasihi, na muoga kupindukia. Mumewe akichelewa tu kuitikia salamu, anaanza kuomba msamaha. Sijui basi nani alimtuma kuwapenda wale washairi wanawake wa Kihindi wanaosema "mimi" bila kupepesa macho: mimi kitandani, mimi jikoni, mimi nimechoka. Aliwasomesha wanafunzi wake mashairi hayo mwezi mzima, kisha naye akaandika shairi lake. Jumamosi alikuwa alisome maktabani, mbele ya watu.

Alhamisi Oryem, mumewe, akaliona daftari.

Oryem ni askari mpelelezi. Miaka kumi na minne kazi yake ni kuandika maelezo ya watuhumiwa. Kwake, karatasi inayoanza na "mimi" ni ushahidi. Akaniita niwe shahidi. Nilimkuta mezani, kalamu mkononi, na Aol mbele yake ameinamisha kichwa kama mtuhumiwa, mpaka nikamkasirikia.

"Laker, kaa. Huyu mwanamuke ananiharibia jina." Akamsukumia Aol karatasi aliyoiandika mwenyewe: shairi ni uongo, Bi. Oryem alilitunga tu, hatalisoma popote. "Weka saini, mambo inaisha. Ukikataa, rudi Gulu kwa baba yako."

Aol ana watoto wawili, na nyumba wamepewa kwa kazi ya Oryem. Ningekuwa yeye, ningesaini haraka.

"Wewe unasema kila siku," Aol alisema kwa sauti ndogo, "mutu hasaini kitu kama hajasomewa. Nisomee."

"Hii? Si unaiona?"

"Hapana. Ile yangu."

Oryem alinitazama. Sheria ni yake, na shahidi amemleta mwenyewe. Akafungua daftari, akasoma kama anavyosoma kituoni, neno kwa neno: "Mimi hucheka bafuni, maji yakimwagika, asinisikie. Mimi namwogopa mtu ninayempikia." Akaurudia mstari huo, polepole.

"Hii ni maelezo yako?" aliuliza, kwa mazoea ya kituoni tu.

"Ni yangu."

Aol akaichukua kalamu vidoleni mwa mumewe, akaandika chini ya shairi: Aol. Mwandiko ulikuwa mbaya, wa mtu mwenye homa.

Kisha akanigeuzia daftari, maana shahidi naye husaini. Mume wangu alikuwa amekuja kunitafuta, amesimama mlangoni, anatazama. Niliogopa sana. Nikaandika jina langu.