Utando wa Njano

Siku yangu ya kwanza kazini kama dresa, yaani mfunga vidonda, Bwana Mganga Msaidizi alinikabidhi kopo la vitambaa vilivyochemshwa akasema, "Kijana, macho kwanza, mikono baadaye." Niliitikia, mawazo yakiwa mbali. Tabora ile ya enzi za Mwingereza sasa naiona kama kupitia mvuke wa kopo lile: vumbi jekundu, adhana, na treni ya Mwanza ikipiga filimbi bila haraka.

Siku ya nne nilitumwa kwa fundi cherehani mmoja. Mwanawe mchanga alikuwa ametahiriwa na ngariba siku ya saba baada ya kuzaliwa, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Bibi yake alikuwa amempakata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu anaendelea vizuri. Mpake mafuta tu, umwache."

Nilifungua kitambaa nikakuta kidonda kina utando wa njano. Usaha huu, nikajiambia. Ujuzi wa siku nne una kiburi! Nikausugua kwa maji ya dawa hadi ukabanduka, na damu ikaja isikome. Mtoto wa siku kumi ana damu kiasi gani? Sikujua bado kwamba utando ule ndio kupona kwenyewe. Penye usaha kidonda huvimba, huwa chekundu na hunuka.

Bibi aliweka kitambaa safi juu ya kidonda, akanishika kidole. "Bana hapa. Usichungulie."

Nikabana. Akambembeleza mtoto kwa Kinyamwezi, polepole, hata mimi nikasahau nilipo. Nilipoachia, damu ilikuwa imekatika.

Ndipo Bwana Mganga akaingia na fundi kukagua kazi yangu, akaona vitambaa vyenye damu. "Nani amesugua kidonda?"

"Mimi," bibi akasema. "Uzee huu, bwana."

Alikaripiwa mbele ya mwanawe, yule fundi, nami nikainamisha kichwa. Walipotoka nilimuuliza kwa nini.

"Wangekufukuza, wakaleta mwingine asiyejua. Wewe sasa unajua."

Nilihamishiwa Bukene, kisha Puge, mwisho Ipole, nilikostaafu. Watoto wachanga wamepita mikononi mwangu wengi, na hakuna mwingine niliyemsugua. Lakini kwa fundi yule sikurudi kusema ukweli. Bibi alifariki, huku nyumbani kwake bado wakiamini kwamba ndiye aliyemtoa mjukuu wake damu.