Viti Kumi na Viwili vya Kwenda Lodwar

Nakumbuka, mwanangu, siku ile nilipoingia nyumbani kwa Baba pale Ngaremara, karibu na mji wa Isiolo, kumwambia kwamba ndege imejaa. Nilimkuta ameketi kivulini akijaribu viatu vipya vya kamba, vya kwanza maishani mwake, maana alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba mtu hashuki kutoka angani akiwa amevaa akala za tairi. Aliponiona akainua mguu mmoja. "Akai, hivi vitafaa?" Mimi ni mwalimu, nilizoea kusimama mbele ya watoto hamsini, lakini siku hiyo hata salamu ilinishinda.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, uelewe nilikuwa nimeharibu nini.

Baba alitoka Turkana akiwa kijana ambaye hajaota ndevu. Alisikia kuna kazi Isiolo, akaja kwa miguu, peke yake, akamwacha dada yake mdogo, Akiru, analia. Alimwahidi atarudi mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha ikapita, ikaja nyingine, Baba akaoa, akatuzaa, akaota mvi. Miaka arobaini na kitu. Si kwamba alisahau. Mara mifugo, mara karo, mara barabara si salama, na mwishowe ukawa mgongo. Mgongo ulimkatalia kukaa garini zaidi ya saa chache, na kutoka kwetu hadi Lodwar kwa gari, wakati huo, ilikuwa siku mbili za kutikiswa kama maziwa kwenye kibuyu. Kisha simu za mkononi zikafika. Siku Baba alipoisikia sauti ya shangazi kupitia simu ya jirani yake, aliibana simu sikioni kwa mikono miwili hadi mwenyewe akaogopa itavunjika.

Hapo ndipo sisi watoto wake wanne tulipokaa tukasema: Krismasi hii tunampandisha ndege kutoka Nairobi. Baba akakubali kwa sharti moja. "Nilitoka huko peke yangu," akasema. "Sirudi peke yangu. Akiru atawaona wote." Tukahesabu. Yeye na Mama, sisi wanne, wenzetu wa ndoa na watoto: watu kumi na wawili. Kazi ya tiketi nikapewa mimi, kwa sababu, walisema, mwalimu anajua mambo ya karatasi.

Mwezi wa nane nikaenda kwa Kagendo, dada mmoja wa Kimeru aliyekuwa na ofisi ndogo mjini Isiolo, akiwakatia watu tiketi za ndege. Hakunizungusha.

"Mwalimu, ndege za huko ni ndogo, na Desemba kila mtu anaenda kwao. Nyinyi ni kundi. Niletee majina sasa niwashikie viti pamoja."

"Desemba bado iko mbali, Kagendo."

"Iko mbali kwako. Kwa wale wenye watu wao Nairobi wa kuwashikia viti, ni kesho."

Nilicheka, mwanangu. Nikamwambia nitarudi. Nilitaka kwanza kila mtu athibitishe, tena kuna mtu alikuwa amenidanganya kwamba bei hushuka siku za mwisho ndege zikikosa abiria. Kaka yangu Ekal alikuwa hajapata ruhusa kazini. Dada yangu alikuwa hajajua ratiba ya mumewe. Nami nikangoja, wiki ikasukuma wiki, mitihani ikaingia, nikazama kwenye kusahihisha. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hawakusema kwamba tumbo linaloumia huenda likawa la mzazi wako. Shule zilipofungwa nikakimbia kwa Kagendo. Alipiga simu Nairobi mara mbili, kisha akasema bila kuniangalia usoni, "Vimebaki viti vitatu."

Basi ndivyo nilivyojikuta nimesimama mbele ya Baba na viatu vyake.

Nilimweleza. Nikajaribu kuipamba habari, kwamba yeye, Mama na Ekal wanaweza kutangulia, sisi tutafuata siku nyingine. Baba alifungua kamba za viatu polepole, akavipanga kando. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha!

"Akai, kiangazi tukichimba maji kwenye mchanga wa mto, ng'ombe wa nani hunywa kwanza?"

"Wa mwenye kisima, Baba."

"Hapana. Ni wa yule aliyetuma mtu jana akamshikie zamu. Mwingine anaweza kuwa na ng'ombe mia, na wote wazuri. Akifika jua likiwa kichwani, anakuta zamu zimejaa, na ng'ombe haelewi neno pole." Akanitazama sana. "Wewe ulingoja watu kumi na wawili waseme ndiyo siku moja. Watu hawako hivyo. Shika zamu kwanza, halafu uwaite."

Vile viti vitatu alivikataa. Sharti lake alikuwa ameshalisema.

Kumpigia shangazi nako kukawa juu yangu, na Baba hakunisaidia. Shangazi alikuwa ameshaalika ukoo mzima. Nilipomaliza kusema akajibu, kwa Kiturkana, "Mwambie nimezoea kumngoja." Maneno hayo yalinichoma kuliko karipio lolote. Nadhani alinisikia nikivuta pumzi, maana hapo hapo akacheka na kuongeza, "Na umwambie meno yangu yamebaki manne. Akichelewa tena atakuta tabasamu tupu."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo nilimlea mwaka mzima. Mwezi wa tatu shangazi akalazwa kwa malaria, majuma mawili. Kila simu ilipolia nilishtuka, nikawa naitazama kwanza kabla ya kuipokea. Niliomba kama sijawahi kuomba: Mungu, usinihukumu kwa uzembe wangu, mwache huyu mama. Akapona. Nami sikungoja mwezi wa nane tena. Mwezi wa tano, asubuhi, Kagendo alinikuta nimesimama mlangoni kwake kabla hajafungua.

"Leo mwalimu amekuja na majina?"

"Yote kumi na mawili."

Na nikuambie siri, mwanangu: siku hiyo nilikuwa na uhakika wa watu saba tu. Nilimwuliza Kagendo mmoja akishindwa kuja itakuwaje. Akaniambia kila kampuni ina masharti yake, kwa hiyo tuulize kabla, na tukauliza. Tukaambiwa jina linaweza kubadilishwa mradi tusipitishe siku fulani. Nikaiandika siku hiyo ukutani jikoni kwa chaki. Kisha akaanza kukagua vitambulisho, kimoja kimoja. Cha Ekal karani alikuwa ameongeza herufi, kikasomeka Ekaal.

"Andika Ekal tu, ndilo jina lake," nikamwambia.

"Mwalimu, uwanjani hawamjui kaka yako. Wanajua kadi." Akaandika Ekaal.

Nilipowapigia ndugu zangu sikuuliza tena nani anataka. Niliwaambia viti vipo, siku ni hii, jina lako limeandikwa. Utashangaa. Wale wale ambao mwaka uliotangulia walisema tutaona, sasa kila mmoja akapata njia. Ekal aliomba ruhusa miezi saba kabla. Mkubwa wake angesema nini? Ni rahisi mtu kuamka akifuata kitu kilichosimama kuliko kufuata maneno.

Desemba ikafika. Tulitoka Isiolo siku moja mapema, tukalala kwa dada yangu Nairobi, ili gari likiharibika njiani lisituharibie na ndege. Uwanjani Baba alivaa viatu vyake vya kamba, na mkononi akashika ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wazee wetu hutembea nacho. Askari wa ukaguzi akakigeuza huku na huku.

"Mzee, hii ni nini?"

"Kiti changu."

"Ndani kuna viti, mzee."

"Hivyo ni vya kuazima."

Foleni nzima ikacheka, na askari naye akacheka, akamrudishia kiti chake kwa mikono miwili.

Ndani ya ndege Baba aliniuliza kama dereva amekula, nikamwambia amekula. Tukapaa. Mama alifumba macho akashika rozari. Baba alibandika uso dirishani, na tulipovuka milima akaniita kwa kidole. Chini kulikuwa na bonde kavu, jeupe, lisilo na mwisho.

"Hapo," akasema. "Hapo nilitembea siku tatu. Maji yalikwisha siku ya pili." Akalitazama mpaka likatupita. "Na sasa wamenipa chai." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa anacheka, na sisi nyuma yake kumi na mmoja tukawa hivyo hivyo, watu wazima na watoto, tunalia na kucheka bila kujua kipi ni kipi.

Lodwar joto lilitupokea mlangoni. Shangazi Akiru alisimama kando ya ua wa uwanja, mdogo wa umbo kama msichana, shanga zimemjaa shingoni. Hakukimbia. Alimngoja Baba ashuke ngazi na mgongo wake, atembee, amfikie. Ndipo akamshika sikio, akalivuta kama mtu anayemvuta mwanambuzi mtundu, akamwuliza kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, "Mvua gani hiyo uliyokuwa unaingoja?"

Baba alisogea kando tu, akatuonyesha kwa mkono wake, wote kumi na wawili pamoja na yeye. Shangazi akapita kwetu mmoja mmoja, akigusa vichwa, akiuliza majina, na alipomfikia mdogo kabisa alimnyanyua na kupiga kigelegele. Wanawake wa ukoo wakaitikia kutoka nje ya ua.

Tulikaa siku tisa. Wazee wale wawili walizimaliza kwa kubishana nani alivunja kibuyu cha mama yao walipokuwa watoto. Leo wote wamelala usingizi wa milele, mwanangu, na kila mmoja alilala akiwa amemshiba mwenzake.

Sasa nasikia wewe na binamu zako mnapanga safari ya Desemba, zaidi ya watu kumi na watano, na kwenye simu zenu kila siku ni "tutaona" na "nitawajulisha". Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Chagueni mtu mmoja wa kushika kazi hii, si watano. Shikeni viti mapema, mkiwa kundi moja, nanyi mngali mna nafasi ya kuchagua siku na saa ambayo wazee na watoto wataiweza. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata kama limekosewa. Uliza masharti ya kubadilisha kabla hujayahitaji. Na usiwangoje wote wawe tayari, kwa sababu hakuna siku ambayo wote huwa tayari. Ndege nyingine itakuja, hiyo ni kweli. Ila wale mnaokwenda kuwaona wana siku zao, na siku hizo hazipangwi na kampuni yoyote.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie angani na barabarani, awape watu wako moyo mmoja, asipungue hata mtu mmoja kwenu, na mlango mtakaobisha ufunguliwe na yule yule mliyemfuata.