Shingo Isiyokuwa na Uvimbe

Fundi makochi wa mtaa wetu tulimwita Misumari, kwa sababu ghala la misumari yake lilikuwa mdomoni. Alichota kiganja kizima, akaitupia kinywani kama mtu anayekula karanga, kisha akaitema mmoja mmoja kwenye nyundo yake yenye sumaku na kugongea kitambaa kwenye fremu. Mteja akija hakuitoa. Alibishana naye juu ya unene wa sponji huku misumari ikigongana humo ndani, na ukishamzoea ulimwelewa kila neno. Mkewe aliketi na cherehani karibu na mlango, penye mwanga, akishona foronya za mito. Jina la Misumari mkewe alilitumia akiwa amekasirika tu. Siku nyingine alimwita "mwenzangu."

Kwa hiyo kidonda kilipotokea kwenye ufizi wa juu, kulia, kule nyuma, hakukihangaikia. Alijua ni msumari umemchoma. Akasukutua kwa maji ya chumvi, akaendelea na kazi. Kidonda hakikupona, na jino la hapo likaanza kucheza. Akaling'oa mwenyewe kwa koleo na kumwonyesha mkewe, akicheka. Mkewe hakucheka. Alimwambia apanue mdomo, akamulika kwa simu, akaona nyama imejikunja pembeni kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi butu.

"Misumari," alisema, "badilisha shati. Tunakwenda hospitali."

Walikata kipande cha nyama wakakipeleka maabara. Jibu lilikuwa saratani ya taya la juu.

Daktari wa upasuaji alikuwa mama mwembamba asiye na haraka ya maneno. Mezani kwake palikuwa na fuvu la plastiki, na kwa kalamu alionyesha sehemu ya taya itakayotolewa, meno yake na kipande cha kaakaa. Pengo litakalobaki, alisema, wataliziba kwa kifuniko kinachofanana na meno ya bandia, ili chakula kisipandie puani. Fundi alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Yote hayo aliyameza. Kisha daktari akasimama nyuma yake, akampapasa shingo kuanzia chini ya sikio hadi kwenye mtulinga.

"Hapa sipati uvimbe wowote," alisema. "Na picha ya mashine haikuonyesha kitu. Lakini nashauri siku hiyo hiyo tufungue na shingo, tutoe tezi za upande huu."

"Daktari, si umesema hakuna kitu?"

"Nimesema sijakiona. Saratani ya aina hii huweza kutuma chembe zake kwenye tezi za shingo, zikiwa ndogo kiasi kwamba mkono hauzigusi na picha haizinasi. Tukingoja mpaka zionekane, zinakuwa zimeshatutangulia."

"Na kama hazipo?"

Daktari alirudi kitini kabla ya kujibu. "Basi tutakuwa tumekata shingo yenye afya. Sikufichi, baba. Wagonjwa wengi wenye uvimbe kama wako, maabara wakizichunguza tezi hawakuti kitu. Wachache wanakutwa nacho. Wewe uko wapi, sijui. Tunaweza pia kuiacha shingo, ukawa unakuja kupimwa mara kwa mara bila kukosa. Wapo madaktari wanaochagua hivyo. Mimi, kwa ukubwa wa uvimbe wako, nisingengoja."

Akaongeza kwamba mshipa wa fahamu unaoinua bega unapita katikati ya tezi hizo. Wangeulinda, lakini mshipa huo hununa hata ukiguswa tu.

Bega la kulia. Bega la nyundo.

Jioni kaka yake mkubwa, dereva wa lori, alifika na kuketi kwenye kochi lisilo na kitambaa. "Ugonjwa uko mdomoni, wao wanataka shingo," alisema. "Kesho watataka mguu. Mdogo wangu, toa kilichooza, kizima kiache."

"Shemeji," mkewe alisema, "mdogo wako akiletewa kochi lenye kunguni kwenye mkono mmoja, anafungua mkono huo peke yake?"

"Kochi halina mishipa," fundi alijibu, na hilo lilikuwa kweli.

Kwa siku kadhaa hapakuwa na uamuzi. Fundi aliona jambo moja tu jipya: mkewe amekuwa mwepesi wa kumshika. Akimletea chai, mkono unapitia shingoni. Akimwekea kola sawa, vidole vinakawia chini ya taya. Alidhani ni huruma, naye hakuikataa. Mpaka asubuhi moja alipomwona kwenye kioo cha kabati, akiwa nyuma yake, amefumba macho, midomo imebana, akitafuta kwa ncha za vidole kama anavyotafuta sindano iliyopotea ndani ya mto.

"Unatafuta nini?"

Mkewe aliondoa mkono. "Nitakuwa nafanya hivi kila siku, mwenzangu. Nakwambia ukweli. Wewe utaweza kungoja. Mimi sitaweza."

Mchana ule fundi alimpigia daktari simu, akakubali vyote viwili, taya na shingo.

Upasuaji ulichukua sehemu kubwa ya siku. Alipozinduka alikuwa na mpira wa kutoa majimaji shingoni, mshono ulioanzia nyuma ya sikio ukateremka mbele ya koo, na mdomo uliojazwa pamba. Sauti yake, ilipotoka, ilitokea puani, na yeye mwenyewe hakuitambua. Misumari haikurudi tena mdomoni. Akaifungia kiunoni kwenye mfuko alioshonewa na mkewe.

Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma akitabasamu. Kingo za taya zilikuwa safi. Tezi za shingo, zote, zilikuwa safi.

Mkewe alilia palepale, na daktari akadhani ni furaha.

Bega lilikuwa limenuna kweli. Mkono ulifika usawa wa kifua ukagoma, na usiku ulivuta kama mzigo ulioning'inizwa. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alimpa kamba ya kuvuta mlangoni. Aliivuta kila siku, akitukana kwa ile sauti ya puani. Kaka yake alipokuja na kusikia majibu, alisema bila ubaya, "Kwa hiyo shingo walikukata bure." Cherehani ilisimama, na mkewe akaenda uani.

Fundi alimfuata. Alimkuta anaanua nguo ambazo hazijakauka.

"Ni mimi niliyekusukuma," mkewe alisema. "Bega lako nimelila mimi, kwa woga wangu."

Kusema kulimchosha siku hizo. "Daktari aliniambia kabisa kwamba huenda hakuna kitu," alisema hatimaye. "Sikudanganywa. Lakini hakukuwa na njia nyingine ya kujua kwamba hakuna. Sasa najua. Nikilala, bega linauma, lakini silali nikiisikiliza shingo."

"Usingekubali, bega lingekuwa zima."

"Lingekuwa zima," alikubali. Alichukua ncha moja ya shuka, mkewe akashika nyingine, wakalikunja hivyo hivyo na ubichi wake.

Mkono ulirudi polepole, mpaka usawa wa sikio, ukaishia hapo. Migongo mirefu ya makochi sasa huilaza chini na kuigongea akiwa amepiga magoti, na pembe za juu anagongea mkewe, ambaye mwanzoni aliponda vidole vyake mpaka wateja wakamhurumia. Kupimwa bado anakwenda. Kaka yake hajawahi kuomba radhi kwa lile neno. Ila Jumamosi asipokuwa safarini huegesha lori mbele ya karakana, anavua shati bila kuulizwa, na kuwageuzia makochi mazito.