Idhini za Marehemu Dankwa

Dufie Amponsem hakuzaliwa mkaguzi. Kwa miaka minane alikaa mapokezi pale kwenye ghala letu la dawa, Kumasi, akipokea simu na kuandika majina ya wageni. Mkurugenzi alipomchagua kwenda kusomea ukaguzi wa mifumo ya kompyuta, mimi Badu, mtunza ghala, nilicheka waziwazi. Nikamwuliza atakagua nini, vumbi la kwenye kioo? Naye akacheka, akaenda zake. Kumbe mwenzangu alikwenda kusoma kwelikweli.

Aliporudi baada ya miezi sita alikuwa na tabia moja ya kuudhi, ya kuuliza mambo ambayo kila mtu anayajua. Chumba cha mashine kinafungwa na nani? Mfanyakazi akiondoka, nani hulifuta jina lake kwenye mfumo, na baada ya siku ngapi? Ukimjibu, anataka umwonyeshe. Alisema mwalimu wao aliwafundisha kwamba mkaguzi hamsaki mwizi, anatafuta mlango ulioachwa wazi. Mimi nikaona hayo ni maneno ya watu waliokosa kazi za kufanya.

Mzee Dankwa, mkubwa wetu pale ghalani, ndiye aliyekuwa mwenye kutoa idhini. Sisi wa zamu tunaomba dawa zitoke, yeye anaidhinisha. Mtu mmoja haruhusiwi kufanya yote mawili. Alifariki mwezi wa pili. Familia ikapanga mazishi mwezi wa sita, maana watoto wako Ulaya na nyumba ilikuwa haijapakwa rangi. Muda wote huo yuko mochwari, na kwetu ambaye hajazikwa haondolewi. Kiti chake tulikifunika kitambaa chekundu na cheusi, rangi zetu za msiba. Nani angethubutu kumfuta kwenye mfumo, au kumtaja wa kushika nafasi yake? Ungeambiwa umemzika kabla ya wenye maiti.

Hospitali nazo zinataka dawa. Mzee alikuwa amenipa neno lake la siri akiwa kitandani, basi nikawa naomba kwa kompyuta ya zamu, ambayo sote tunaitumia, kisha naidhinisha kwa jina lake. Nikienda kula au nikisafiri, neno hilo namwachia aliyepo. Wala hatukuona kosa.

Dufie aliliona. Jumanne ya wiki ya mazishi alikuja na karatasi zenye idhini mia mbili na kumi na nne, zote za Mzee, zote baada ya kufa kwake. Nilimjia juu. Nikamwambia kazi ilikwenda, wagonjwa walipata dawa, na yeye akae akijua kuna watu wanafanya kazi na kuna watu wanahesabu wanaofanya kazi.

"Kwa hiyo zote ni zako, mjomba?"

"Zote. Hakuna hata kidonge kilichopotea."

Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Tarehe tisa mwezi wa tatu, makatoni arobaini ya dawa kali za maumivu, zile wanazouziana vijana mitaani, yametoka kwenda zahanati ambayo haipo. Siku hiyo nilikuwa Sunyani kwa wakwe zangu. Akanionyesha mistari mingine minne ya namna hiyo.

Mkurugenzi alikuwa ameshaiona orodha. Kwake jambo lilikuwa jepesi: mfumo unasema Dankwa, basi ripoti iandike Dankwa, kwamba aliuza neno lake la siri kabla ya kufa. Marehemu hafukuzwi kazi. Kampuni haingepeleka mtu mazishini wala kusoma risala, na waombolezaji wangejua sababu. Mungu anisamehe, nilipumua.

"Mimi sitaandika hivyo," Dufie akasema. "Mfumo unaniambia jina, hauniambii mkono. Lakini nikisema siye, lazima niseme nani alikuwa na neno lake. Hilo siwezi kulibuni."

Nikamwambia nina watoto watatu shuleni. Akasema anajua. Yeye mwenyewe alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi yake mpya, na mkurugenzi amemwambia la kuandika. Hakunibembeleza. Alikaa tu, kalamu mkononi, akisubiri kama mtu wa mapokezi anayesubiri mgeni ataje jina lake.

Nikasema. Nilitaja nilivyopewa neno, na niliowaachia, wote wanne. Aliandika, akanisomea, nikatia saini.

Aliyeyatoa makatoni hajulikani hadi leo, kwa sababu watu watano walikuwa mtu mmoja. Dufie alithibitishwa kazini kwa shingo upande. Siku hizi anafundisha wengine kule Takoradi, na nasikia wanafunzi wake wanamlalamikia vilevile: ukimjibu, anataka umwonyeshe.

Mimi, Ijumaa ya wiki ileile nilipewa barua ya kuachishwa kazi. Jumamosi kampuni ilikuja mazishini kwa nguo nyekundu na nyeusi, risala ikasomwa, na jina la Mzee likatajwa safi mbele ya watoto wake. Nilipofika kutoa mkono wa pole, mjane alinishika mikono yote miwili. Alikuwa amesikia kwamba kazi ya mumewe haikulala hata siku moja.

"Wanasema ni wewe uliyemshikia kazi yake, Badu," akaniambia.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mimi."