Kioo Kilichokataa Kidole cha Mama

Mpaka leo nikikaribia mashine ya kukoboa mpunga pale Viwanja Sitini huwa navuka upande wa pili wa barabara huku nikijifanya nimepokea simu, na sababu wanaijua kina mama wote wa jumuiya yetu, kwa hiyo acheni niwasimulie mimi kabla hamjaisikia kwao, maana wao wanaisimulia kwa kuigiza.

Mnajua mimi ni mwandishi wa riwaya (moja, haijaisha), lakini napenda pia vifaa, na msimu ule wa mavuno nilikuwa nimeunda mtambo wa foleni: kompyuta ndogo ya bodi moja, inayoenea kwenye kisosi, spika, na skrini ya tachi yenye upana wa kiganja. Pale mashineni watu hushika foleni kwa kulaza magunia, na gunia halina mdomo, ukienda kunywa chai unarudi unakuta limesogea nyuma lenyewe. Kwa mtambo wangu ungegusa skrini, ukapewa namba, ikaandikwa kwa chaki kwenye gunia lako, ukakaa kivulini mpaka sauti ikuite. Mama Leokadia, mwenye mashine, alikubali tuujaribu siku moja, ukifaa ubaki. Mama yangu mzazi alifurahi kuliko mimi, akatangaza kwenye jumuiya kwamba fundi ni mwanawe na kwamba kidole cha kwanza kitakuwa chake.

Kosa lilianzia dukani. Rafiki yangu Deo alinionyesha skrini ya kubonyeza, ya plastiki, ambayo hata ukiidonoa kwa ukucha au kijiti inaitika, akasema, "Chukua hii, ndiyo ya mashineni." Nikaiona imepauka kama maji ya kuoshea mchele. Nikachukua ya kioo, inayong'aa, ambayo kidole kinateleza juu yake kama mtumbwi pale Kivukoni asubuhi mto umetulia (ndiyo, niliwaza hivyo hivyo mbele ya muuza duka). Sauti ya kuita namba nikajirekodi mwenyewe, nikaongeza na mapambo.

Siku yenyewe magunia thelathini yaliyotangulia tuliyaandika namba kwa chaki, kisha mama akasogea, amevaa kitenge chake cha Pasaka, kuchukua ya thelathini na moja. Akagusa. Kimya. Akagusa tena.

"Hakinioni," akasema.

"Ni mtoto wa siku hizi huyo," akadakia mama mmoja nyuma, "hata shikamoo hatoi!"

Watu wakacheka, na mama naye akacheka. Nikagusa mimi kumwonyesha, kikaitika palepale. Akagusa yeye, kimya. Hapo jasho likanitoka, nikasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mama, hebu kanawe mikono kwanza."

Kicheko kikakatika. Mikono ya mama ilikuwa safi, alikuwa ameinawa nyumbani kwa sabuni, mara mbili, nikimwona. Kilichokuwa vidoleni ni sugu za jembe na mundu, ngozi ngumu na kavu kiasi kwamba kioo hakikujua kuna mtu (vioo vya namna ile huhisi umeme mdogo wa mwili kupitia ngozi; Deo alishanieleza, mimi nikawa kwenye mtumbwi wangu). Alikwenda bombani, akarudi mikono inachuruzika, akagusa.

Kikaitika, na matone yakatambaa mpaka kwenye kitufe cha kumwita anayefuata, na kioo kikadhani kila tone ni kidole. "Namba moja, karibu, dhahabu ya bonde inakungoja," ikasema sauti yangu kwenye spika, na kabla haijamaliza ikaita namba mbili, na tatu, na saba, na watu, ambao asubuhi niliwasisitizia waitii sauti, wakaanza kuburuta magunia mlangoni wote kwa pamoja. Nikakimbilia kufuta maji kwa mkono wa shati, na kila nilipofuta ikawa nimegusa, dhahabu ya bonde, dhahabu ya bonde, mpaka gunia moja likapasuka na kuku wa mtaa mzima wakapata taarifa.

Mama Leokadia akachomoa waya. "Fundi," akasema kwa upole, "beba shairi lako."

Magunia yakalazwa chini kama zamani. Mama akakaa juu ya lake, mwisho kabisa wa foleni, akitazama barabara.

Jioni tukipepeta akaniuliza, "Kile kioo kinataka mikono ya namna gani?"

"Laini, mama."

Akakishika kiganja changu, akakigeuza kama anayekagua mchele. "Kama hii?"

"Ndiyo."

"Hii nimeilima mimi," akasema, akaendelea kupepeta.

Kesho yake nikamfuata Deo, tukaileta ile ya plastiki, na nimeapa kwamba chochote nitakachokiunda kidole cha mama kitakigusa kwanza, ndani, mlango umefungwa, na kikimkataa hakitoki nje. Mashineni sijarudi, bado natafuta ujasiri. Lakini nilipomwekea mezani alifuta kidole kwenye khanga ingawa sikumwambia (hilo ndilo linaloniuma), akabonyeza kwa dole gumba. Ikalia, pii.

"Marahaba," akasema mama.