Tone la Mafuta ya Saa

Zamani fundi alifungua kitu ili aujue ugonjwa wake. Siku hizi kukifungua ndiyo maradhi yenyewe.

Fundi Saa hakulijua hilo. Maisha yake yote alikaa kwenye kibanda kando ya benki, kioo kimebanwa jichoni, akifufua saa ambazo wenzake walishazikatia tamaa. Sasa watu wanatazama saa kwenye simu, na wengi walioingia kibandani walikuwa wakiulizia vocha.

Mkwe wake alipiga video za harusi. Siku moja diski yenye harusi za msimu mzima ilidondoka mezani, ikaanza kulia tik, tik. Nakala nyingine hakuwa nayo, na maharusi walikuwa wakisubiri. Alikwenda kwa wataalamu wa kufufua diski, akarudi amenywea.

“Bei yao ni kamera yangu, na nyingine juu yake,” alimwambia mkewe.

“Tukope,” mkewe akasema.

Fundi Saa alikuwa kwao siku hiyo, anakunywa chai. Akasogeza kikombe. “Mlio huo naujua. Nipe hapa.”

“Baba, wamesema isifunguliwe.”

“Wanaotaka hela yako ndio wamesema. Nimefungua saa ndogo kuliko ukucha wako, kitofali hiki ndicho kitanishinda?”

Mkwe alimtazama mkewe. Mkewe akatazama chini. Wangekuwa watu wa siku hizi kwelikweli wangemkatalia. Adabu ya zamani, iliyobaki nyumba chache, ndiyo iliyowaponza.

Akaifungulia kibandani, chini ya taa. Ndani alikuta kisahani kinachong'aa kama kioo. Akapuliza vumbi kwa mdomo, akakifuta kwa kitambaa laini, akatia tone la mafuta pale katikati, kama alivyozitendea saa zote. Walipoiwasha ilikwaruza, kisha kimya.

Kwa wale wataalamu, binti mwenye glavu aliigeuza diski chini ya taa. “Nani ameifungua?”

“Mimi,” akasema Fundi Saa.

“Na haya mafuta, mzee wangu?”

“Ya saa. Safi kabisa.”

Binti hakucheka, na hilo lilimuuma mzee kuliko kicheko. Akaeleza kwamba kisomeo hupita juu ya kisahani bila kukigusa; chembe ya vumbi kwake ni jiwe. Ingekuja imefungwa, wangebadilisha kisomeo tu. Sasa bei ilikuwa mara tatu, na hakuahidi kitu.

“Ukipata nusu tutalipa nusu?”

“Kazi ni ileile, mzee.”

Fundi Saa akauza mashine yake ya kukerezea, vibano na meza. Mnunuzi alikuwa mwenye hoteli. Alitaka kupambia mapokezi. Harusi mbili zilitoka nzima. Nyingine zilitoka vipandevipande, bibi harusi anamlisha keki bwana asiye na kichwa. Wenye harusi wakachachamaa, jina la mkwe likaharibika, akatafuta kazi mji mwingine.

Siku ya kuhama, Fundi Saa alikwenda kuwasaidia mizigo. Alibeba masufuria, akabeba godoro. Mlangoni palibaki begi dogo la diski mpya, akalinyooshea mkono.

“Acha tu, baba,” mkwe akasema kwa upole, akiliwahi. “Hilo nitabeba mwenyewe.”

Akalitundika begani, bega la upande wa pili, mbali na mzee. Mkewe akamuaga baba yake, wakaingia kwenye gari. Mzee hakuwaona tena.