Barua za Syokau kwa Mbithe

Kaluki alikuwa mtu wa watu, mtaa mzima wa Kabiro watakwambia. Ukitaka barua ya kuomba kazi, au programu ya harusi au ya mazishi iliyochapwa bila aibu ya makosa, ulikwenda kibandani kwake kwenye ploti ya Mama Waithira, akakuchapia huku anakuchekesha. Alitoka Kitui akiwa msichana, akaolewa, akazika mume, akaimba alto kwenye kwaya ya kanisa mpaka wachungaji watatu wakaja na kuondoka. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na alikuwa ameifunika vizuri. Alimwonea wivu dada yake.

Tena si wivu wa mchezo. Ulikuwa ule wa kumfanya mtu asikie jina fulani limetajwa mezani na chai ikamgeukia maji ya shubiri mdomoni.

Dada yake Syokau alikwenda Doha kufanya kazi za nyumbani wakati mwanawe Mbithe ndiyo kwanza anasimama dede. Alimwacha mtoto kwa Kaluki, na hapakuwa na kikao cha kujadili, kwani kwa Wakamba mtoto wa dada yako ni wako. Mbithe alikua akimwita Kaluki mwaitu, ndiyo mama kwa Kikamba. Yule wa mbali alimwita mama. Majirani walisema mtoto huyu ana bahati, amepata mama wa kila lugha, na Kaluki alicheka pamoja nao kwa sababu angefanyaje.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na Kaluki aliwaunga mkono wahenga kwa moyo wake wote. Nani aliyempaka mtoto dawa alipougua surua? Nani aliyesimama mbele ya mwalimu kila siku ya wazazi na kusomewa makosa ya hesabu kana kwamba ni yake? Lakini mwaka huu Syokau alipotoa habari kwamba Disemba atarudi nyumbani moja kwa moja, nyumba yote iligeuka ikawa ya Syokau. Mbithe, msichana mkubwa aliyemaliza kidato cha nne, alitundika picha ya mama ukutani, akaanza kusema mama anapenda chapati laini, mama hapendi dania. Kaluki alimsikiliza akijiuliza msichana huyu amekula chapati na mama yake lini.

Halafu Mbithe akaja na hili: angechapisha barua zote alizowahi kuandikiwa na mama, azishone ziwe kitabu, amsomee mbele ya ukoo siku ya kumpokea. Kaluki alisema ni wazo zuri sana. Alilisema mara mbili.

Barua zenyewe zilikuwa ndani ya kompyuta ya Kaluki. Zamani Kaluki alikuwa mhudumu wa saiba, duka la intaneti la Bwana Kiragu, pale kituo cha Kawangware 46, na saiba ile ilikuwa na utaratibu wake. Bando la data lilikuwa ghali, kwa hiyo asubuhi intaneti iliwashwa kidogo, barua pepe za wateja zikavutwa zote mpaka ndani ya mashine, kisha ikazimwa, watu wakasoma taratibu bila haraka ya bando. Ili masanduku ya huko mtandaoni yasijae, kila kilichovutwa kilifutwa kule. Hakuna aliyeona ubaya. Simu za mkononi zilipowanyang'anya wateja, Kiragu alifunga saiba na kumpa Kaluki kompyuta moja ya kumuaga, na barua za Syokau zikahamia Kabiro zikiwa tumboni mwa mashine hiyo, hazipo kwingine kokote. Hata Syokau mwenyewe hakuwa na nakala. Alikuwa akiandika kwa anwani aliyofunguliwa na mwajiri wake wa kwanza, na alipohama kazi ikafungwa.

Mwezi huo kompyuta ikaanza kujikokota na kuganda. Kaluki akampigia Wepukhulu, fundi wa mtaa wa Raila kule Kibera, aliyekuwa akiitengeneza tangu enzi za saiba. Wepukhulu akamwelekeza kwa simu jinsi ya kuirudisha ianze upya. Akamwambia itamuuliza kama iache vitu vyake au ivifute vyote, achague iviache. Wakati huohuo akaingia mteja aliyefiwa, anataka programu ya mazishi kabla ya saa sita, na Kaluki, simu begani na pole mdomoni, akabonyeza pasipofaa.

Hiyo ilikuwa ajali. Mtu akisema vinginevyo anamwonea. Yaliyofuata ndiyo hayakuwa ajali.

Mbithe alipoona kioo kitupu alilia kama mtoto. Kaluki alimkumbatia akalia naye, na chini ya machozi yake, pale ambapo hakuna jirani angeona, alihisi utamu fulani. Akaona haya, lakini utamu haukuondoka.

Wepukhulu alipopigiwa tena alisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini ya kompyuta wakati mwingine huzoleka.

"Kitu ikifutwa bado iko kwa diski, mathe, ni vile tu mashine imeacha kuihesabu," alimwambia. "Lakini usiitumie tena. Kila kitu mpya unaweka inaweza kalia hizo barua, na zikikaliwa zimeenda. Zima, uniletee."

Kaluki akaizima. Mbithe alipotoka kwenda sokoni, Kaluki akakaa akiitazama. Alijiambia kazi ni kazi, wateja watakwenda kwingine, akaiwasha. Alichapa barua ya mtu mmoja. Kisha akatoa flashi aliyopewa na mwenyekiti wa kwaya, imejaa nyimbo na video za mashindano ya miaka yote. Zingeweza kubaki kwenye flashi, hapakuwa na aliyezihitaji. Yeye akazinakili ndani ya kompyuta, folda baada ya folda, akitazama ule mstari wa kijani ukijaa na kuanza tena. Alijua kila wimbo unatafuta mahali pa kukaa. Alikuwa anaimba nazo, polepole, sauti yake ileile ya alto.

Mbithe aliporudi akaambiwa fundi amebanwa, wangoje juma lijalo. Juma lilipofika akaambiwa angoje tena. Msichana hakubishana. Asubuhi moja alichomoa nyaya, akaifunga kompyuta mgongoni kwa leso vile mtoto hubebwa, akaanza safari ya Raila kwa miguu. Kaluki alifunga kibanda akamfuata. Njia yote aliuona mgongo ule na leso ile, leso aliyombebea Mbithe mwenyewe alipokuwa hajui kutembea.

Kibanda cha Wepukhulu kilikuwa chembamba, mashine zimepangwa mpaka darini. Alitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake, akaiacha itafute. Walikaa kwenye benchi wakanywa chai ya jirani. Kaluki aliomba Mungu na hakujua anaomba nini, zipatikane au zisipatikane.

Mwishowe Wepukhulu akawaita. Folda mbili zilikuwa zimeonekana, moja ya barua zilizoingia na nyingine ya zilizotumwa. Zilizoingia, ndizo za Syokau, zilikuwa vipandevipande: salamu isiyo na mwisho, baraka isiyo na mwanzo, kisha kurasa za takataka ambazo hazisomeki.

"Hizi zingerudi zote," alisema fundi. "Ni vile zimekaliwa."

"Zimekaliwa na nini?" Mbithe akauliza.

"Nyimbo. Kuna nyimbo za kwaya zimewekwa juu, mob sana, zimejaa diski."

Mbithe akageuka polepole akamtazama Kaluki. Katika nyumba yao mwanakwaya alikuwa mmoja.

Wepukhulu, asiyejua amewasha moto gani, akaendelea. Akasema zile zilizotumwa ziko salama zote, hata moja haijaguswa. Kaluki alikuwa amezisahau kabisa hizo. Fundi akafungua ya kwanza, na Mbithe akaisogelea akasoma kwa sauti.

"Mama, leo nimekuota. Nimemwambia mwaitu anipe ile leso yako nilalie. Nakupenda kushinda maandazi. Wako, Mbithe."

Akasoma ya pili, na ya tatu. Akatazama tarehe. Wakati huo hakuwa anajua kutamka maneno matatu yakafuatana. Simu ya mama ilipoita, alijificha nyuma ya pazia, na Kaluki alikuwa na kazi ya kumtoa.

"Mimi sikusema haya," alisema. "Hata sikuwa namjua."

Hakusema, kweli. Ni Syokau aliyeandika siku zile akilia, akiuliza kama mwanawe anamkumbuka, na Kaluki akamhurumia. Asubuhi kabla wateja hawajaingia alikaa pale saiba akajifanya mtoto, akamwandikia dada yake maneno ambayo mtoto hakuwa nayo. Kisha alimsomea Mbithe majibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka msichana akayaamini na kuyafanya yake. Mapenzi haya aliyoyaonea wivu, yeye ndiye aliyeyapika. Alipakua kwa mkono wake, na sasa alikuwa amekasirika kwamba Syokau ameshiba.

"Ni mimi niliweka hizo nyimbo," alisema. "Fundi alikuwa ameniambia. Nilijua."

Wepukhulu akapata bisibisi ya kutafuta chini ya meza.

Mbithe hakupiga kelele. Heri angepiga. Alingoja zile zilizosalimika ziwekwe kwenye flashi, akaitia mfukoni, na fundi alipokwisha kurudisha diski akamwachia Kaluki aibebe kompyuta. Kaluki akaifunga mgongoni. Walitembea mpaka Kibera ikabaki nyuma yao.

"Mama bado hajui," Mbithe akasema.

"Hajui."

"Utamwandikia leo."

"Nitamwandikia."

"Andika tu vile umezoea, mwaitu. Lakini saa hii uweke jina yako."

Alasiri hiyo Kaluki aliunganisha nyaya akakaa mbele ya ukurasa mtupu. Mwanamke aliyewaandikia barua nusu ya Kabiro, aliyechapa bila kutazama vidole, aliandika, "Syokau, huyu ni mimi Kaluki," na mikono ikamgomea hapohapo. Mbithe akavuta stuli akakaa. Hakukaa karibu kama siku zote, lakini alikaa.